Mwache mtoto aiwashe nyota mwenyewe

LIKIZO ndefu ya mwisho wa mwaka ikifika, msomaji mpenzi, nyumba nyingi za mijini husikika sauti mbili tu: ya runinga iliyowashwa tangu asubuhi, na ya mama akiuliza ni nani aliyemaliza mkate. Watoto wa mjini hawana shamba la kupalilia wala mbuzi wa kuchunga. Uwanja waliokuwa wakichezea umejengwa ghorofa. Basi hukaa kitini, simu mkononi, wakiingoja Krismasi kama abiria anavyoingoja matatu.

Jumapili hii nataka tuwape kazi. Ni nyota ya kutundika juu ya mlango wa sebule au kwenye mti wa Krismasi. Nyota hii hukaa kimya gizani. Mgeni anapopiga hodi na kuingia, inawaka yenyewe, inamkaribisha kwa muda wa dakika moja hivi, kisha inazimika ikimngoja mwingine. Familia inayosherehekea Idi inaweza kukata mwezi mwandamo badala ya nyota. Saketi ni ile ile.

Lakini kuna sharti moja, nalo ndilo kiini cha makala haya: atakayeiunganisha ni mtoto. Wewe mzazi utakaa kando na kuuliza maswali.

Nasema hivi kwa sababu ya mambo tunayoyaona mitaani. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, kuanzia madarasa ya chini, ili mtoto ajifunze kwa kutenda. Hata hivyo, mara ngapi baba amekesha akitengeneza mradi ambao mwalimu alimwagiza mtoto? Mara ngapi tumemlipa fundi, mtoto akaenda shuleni na kifaa kizuri asichoweza kukieleza? Alama anapata, elimu inabaki kwa fundi.

Jirani mmoja mtaani kwetu alinunua taa za Krismasi za kumetameta. Zikazimika mkesha wa sikukuu. Nyumbani mle mlikuwa na vijana wawili wa sekondari, wote wakisoma Fizikia, na mmoja wao aliwahi kunieleza kanuni ya Ohm bila kupumua. Hakuna aliyethubutu kuzifungua taa zile kuona waya uliokatika. Hawakuwa wajinga, hawakuwa wamepewa nafasi hata siku moja ya kufungua kitu na kukosea.

Vifaa

Kwa wakazi wa Nairobi, maduka ya Luthuli Avenue yanajulikana kwa biashara hii. Nenda na mtoto, na yeye ndiye aulize bei katika maduka mawili matatu kabla ya kununua. Orodha yake ni hii:

Kihisi kimoja cha mwendo aina ya HC-SR501. Chipu moja ya saa iitwayo 555. Transista moja ya BC547. Resista mbili za 10K, moja ya 560K, na sita za omu 150. Kapasita mbili za maikrofaradi 100 na moja ndogo ya maikrofaradi 0.01. Taa sita ndogo za LED, nyekundu au za manjano. Ubao mweupe wa plastiki wenye vitundu, ambao wauzaji huuita bredibodi, pamoja na waya zake za kuchomeka. Waya tatu kati ya hizo ziwe na tundu upande mmoja, kwa ajili ya kihisi.

Umeme utatoka kwa chaja ya zamani ya simu, ile ya volti 5, au kwa betri ndogo nne za AA zilizopangwa kwenye kibweta chake. Nyota yenyewe itakatwa kwa katoni na kuvishwa karatasi ya rangi. Hapo hata wadogo wa chekechea wana kazi.

Jicho linaloona joto

Kabla mtoto hajachomeka waya wa kwanza, mwulize: nyota itajuaje kwamba mtu amefika?

Kile kihisi chenye kofia nyeupe ya plastiki hakitoi mwanga wala sauti. Kinatazama tu. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37 hivi, na kila kitu chenye joto hutoa miale ambayo macho yetu hayaioni. Ndani ya kihisi mna vipande viwili vidogo vinavyoihisi miale hiyo, navyo vimeunganishwa kwa kupingana. Chumba kizima kikipata joto, vipande vyote viwili huhisi sawa, na nguvu zao hufutana. Mtu anapopita, joto lake hugusa kipande kimoja kwanza, kisha cha pili. Tofauti hiyo ndiyo inayokiamsha kihisi.

Ile kofia nayo ni lenzi iliyogawanywa vipande vipande. Jina lake ni la Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye lenzi yake ya kwanza ya mnara wa kuongozea meli iliwashwa huko Cordouan mwaka 1823. Lenzi ya mnara ilikusanya mwanga wa taa na kuutupa baharini. Hii ya mlangoni hukusanya joto la mgeni na kulitupa juu ya vile vipande viwili.

Ukiyaelewa hayo, mengi yanajieleza yenyewe. Kihisi humwona vyema zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja, kwa hivyo kielekeze kikatize mlango. Usikiweke nyuma ya kioo cha dirisha, kwa maana kioo huzuia miale hiyo. Usikielekeze kwenye jiko wala kwenye dirisha linalopigwa na jua. Na ndugu zetu wa Mombasa wasishangae kikizubaa adhuhuri: ukuta ukiwa na joto linalokaribia la mwili, mtu hujificha ndani ya joto hilo. Jioni kitachangamka.

Saa iliyo kama mtungi

Swali la pili: nyota itajuaje kwamba dakika imekwisha?

Hapa ndipo inapoingia chipu ya 555. Ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, na ikaingia sokoni mwaka 1972. Zaidi ya miaka 50 baadaye, bado inauzwa na bado inafundishwa.

Mweleze mtoto kwa mfano wa mtungi wa maji, kitu ambacho kila mtoto wa mtaa wenye mgao wa maji anakijua. Kapasita ni mtungi. Resista ni bomba linalotiririka polepole. Mgeni akifika, 555 inawasha taa na kulifungua bomba. Mtungi unaanza kujaa. Maji yakifika theluthi mbili ya mtungi, chipu inazima taa, inamwaga maji yote, na kungoja mgeni mwingine. Ukitaka muda mrefu, tumia mtungi mkubwa au bomba jembamba zaidi.

Mwanafunzi wa sekondari asiishie kwenye mtungi. Muda kwa sekunde ni 1.1 mara resista kwa omu mara kapasita kwa faradi. Kwa vifaa vyetu ni 1.1 × 560,000 × 0.0001, yaani sekunde 61.6. Akiweka resista ya 270K atapata sekunde 30 hivi; ya 1M itampa 110.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwani kihisi chenyewe hakina kipima muda? Kinacho, na mpe heko kwa kuuliza. Lakini muda ule hurekebishwa kwa kukisia, kwa kuzungusha kiskurubu, na umeme unaotoka kwenye kihisi ni hafifu mno kuwasha taa sita. Chipu ya 555 hutoa umeme wa kutosha, na muda wake mtoto anaukokotoa mwenyewe kwa kalamu.

Kuunganisha

Haraka haraka haina baraka. Chaja iwe imechomolewa hadi mwisho wa kazi.

Kwanza, chomeka 555 katikati ya ubao, ikivuka ule mfereji wa kati. Ina alama ya kibonyeo upande mmoja. Alama hiyo ikiwa juu, mguu wa 1 ni wa juu kushoto. Hesabu ukishuka hadi 4, kisha uvuke na kupanda kulia kutoka 5 hadi 8. Mguu wa 1 uende hasi. Miguu ya 4 na 8 iende chanya.

Pili, jenga mtungi. Unganisha mguu wa 6 na wa 7 kwa waya. Kutoka hapo, resista ya 560K iende chanya. Hapo hapo, kapasita moja ya maikrofaradi 100 ichomekwe mguu wake mrefu, na ule mfupi uende hasi. Kapasita hii ina kichwa na miguu. Ikigeuzwa hupata joto na yaweza kupasuka. Ile kapasita ndogo ya 0.01 iwe kati ya mguu wa 5 na hasi.

Tatu, lango la mgeni. Mguu wa 2 ndio unaoiamsha saa, nao huamka umeme wake unaposhuka chini ya theluthi moja. Kihisi chetu, kinyume chake, hupandisha umeme kinapomwona mtu. Transista ndiyo mkalimani wao. Ielekeze na uso wake bapa ukutazame, miguu ikiwa chini. Mguu wa kushoto uende kwenye mguu wa 2 wa chipu. Wa kulia uende hasi. Wa kati upokee resista ya 10K inayotoka kwenye mguu wa kati wa kihisi. Resista ya pili ya 10K iunganishe mguu wa 2 wa chipu na chanya.

Nne, kihisi. Miguu yake miwili ya pembeni ni ya chanya na hasi, lakini mpangilio waweza kutofautiana, kwa hivyo mtoto aing'oe kofia taratibu, asome maandishi yaliyo chini yake, na kuirudisha. Kapasita iliyosalia ya maikrofaradi 100 aiweke karibu na kihisi, mguu mrefu kwenye chanya na mfupi kwenye hasi. Kazi yake ni kutuliza umeme taa zinapowaka na kuzimika. Kile kiskurubu cha muda kwenye kihisi kizungushwe hadi mwisho wa chini, kama sekunde 3 hivi, ili muda wa nyota uamuliwe na 555.

Tano, nyota. Toboa katoni matundu sita na kupenyeza taa. Mguu mrefu wa kila taa usokotwe na resista yake ya omu 150. Ncha za resista zote sita ziungane kwenye waya mmoja uendao kwenye mguu wa 3 wa chipu. Miguu mifupi yote iungane kwenye waya mwingine uendao hasi. Funika viungo kwa utepe wa mafundi wa stima visigusane. Kila taa lazima iwe na resista yake. Bila hiyo itaungua.

Taa nyeupe au ya buluu usiitumie hapa. Huhitaji volti 3 hivi, ilhali nyekundu hutosheka na 2, na kwa umeme wa volti 5 nyeupe huenda ikawa dhaifu.

Ikikataa, usiishike

Sasa washa. Subirini kama dakika moja bila kushtuka nyota ikijiwakia ovyo, kwa kuwa kihisi kinazoea chumba kwanza. Kisha wote mjifiche, nyota ituame, na mmoja apite.

Yamkini haitawaka. Hapa, mzazi mwenzangu, ndipo mtihani wako ulipo. Mkono utakuwasha. Utataka kumwambia mtoto, "Lete hapa nione." Usiseme hivyo. Weka mikono mfukoni, umwulize maswali haya moja baada ya jingine.

Umeme unafika? Apime kwa mita kati ya miguu ya 1 na 8. Taa zenyewe ni nzima? Auchomoe ule waya wa nyota kwenye mguu wa 3 na kuugusisha kwenye chanya kwa muda mfupi. Zikikataa, kosa limo ndani ya nyota. Pengine taa imegeuzwa miguu. Zikiwaka, aurudishe waya mahali pake. Je, saa ni nzima? Auguse mguu wa 2 kwa waya unaotoka hasi, kisha auondoe. Nyota ikiwaka dakika moja na kuzimika, saa haina hatia, na kosa liko kwa transista au kihisi. Na kama nyota haizimiki kabisa? Atazame kama resista kati ya mguu wa 2 na chanya imeshika vizuri, kama ule mtungi umeunganishwa, na kama kuna mtu anayechezacheza mbele ya kihisi muda wote.

Umeona tunavyofanya? Tunaigawa shida vipande, tunakiondolea shaka kila kimoja, hadi kosa likose pa kujificha. Fundi wa redio hufanya hivyo. Daktari hufanya hivyo. Kijana aliyewahi kulisaka kosa kwa njia hii jioni moja, akalipata kwa mikono yake, hatakiogopa tena kitu kilichoharibika. Ukimnyang'anya saketi na kuitengeneza kwa dakika tano, umewasha nyota na kuzima kitu kikubwa zaidi.

Ikishawaka, mpe saa ya kupimia sekunde. Hesabu ilisema 61.6. Huenda apate 55, huenda apate 70. Mwambie asiifute hesabu yake. Kapasita za aina hii huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, na kwa hivyo popote kati ya 49 na 74 ni halali. Hapo atajua kwamba namba iliyoandikwa kwenye kifaa ni ahadi yenye mipaka.

Usalama kwanza

Saketi hii haina haja hata kidogo ya stima ya ukutani kuingia kwenye ubao. Volti 5 au 6 hazimdhuru mtoto; 240 zinaua. Ukitumia chaja, waya wake ukatwe ikiwa imechomolewa, upande wa simu tu, na chaja yenyewe isifunguliwe kamwe. Kwa kawaida waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, lakini thibitisheni kwa mita. Waya nyingine zilizobaki zizibwe kwa utepe. Chaja inayopata joto jingi au iliyopasuka itupwe. Wasiwepo watoto wachanga karibu na taa na resista zilizotapakaa, maana humeza.

Kwa watumiaji wa betri, hesabu nyingine. Taa sita kwa volti 6 hula miliampea 100 hivi. Betri nzuri za AA zenye miliampea-saa 2,000 zingekwisha kwa saa 20 zikiwaka mfululizo. Kwa kungoja tu, chipu hula miliampea 3 hadi 6, na betri zaweza kukaribia majuma mawili. Anayetumia chaja asijidanganye kwamba atapunguza bili ya stima. Taa hizi ni ndogo mno. Faida yake iko kwingine.

Na binti je?

Neno moja la mwisho kabla sijaweka kalamu chini. Katika nyumba nyingi, kazi kama hii ikitajwa, kaka huitiwa bisibisi na dada huitiwa sufuria. Krismasi hii mpe binti ile 555 naye kaka akakande unga wa chapati, kesho wabadilishane. Saketi haijui aliyeishika, na chapati vilevile.

Wageni watakapofika tarehe 25, nyota itawaka juu ya vichwa vyao na watauliza imenunuliwa wapi. Wewe nyamaza. Mwache aliyeiunda ajibu, aeleze jicho linavyoona joto na mtungi unavyojaa. Akiweza kueleza hadi shangazi wa kijijini akaelewa, likizo yake haikupotea bure.

Kila la heri, na tuonane Jumapili ijayo panapo majaliwa.